Pwani Ipi Iachwe Ichafuke

Mpango wa kukabili mafuta yaliyomwagika baharini huanza na orodha ya sehemu zitakazoachwa. Hakuna nchi iliyowahi kuwa na vifaa vya kuizingira pwani yake yote, na mafuta hayangoji vifaa viagizwe. Kinachoweza kupangwa ni kidogo na kina mipaka: midomo mingapi ya hori inaweza kuzibwa kabla maji hayajajaa, na mchanga upi utayapokea mafuta ili mikoko isiyapokee. Uamuzi huo ukifanywa mezani, bahari ikiwa safi, huwa mgumu lakini huwezekana. Ukifanywa ufukweni huku harufu ya mafuta imetanda, kila mtu hutetea kipande chake, na vizuizi hupelekwa kwa mwenye sauti kubwa.

Kumbukumbu ambayo watu wa kazi hii huirudia ni ya Ghuba ya Mexico. Tarehe 3 Juni 1979 kisima cha Ixtoc I, kilichokuwa kikichimbwa katika Ghuba ya Campeche, kililipuka, na hakikuzibwa hadi Machi 1980. Mikondo ya majira yale iliyasukuma mafuta kaskazini, na jimbo la Texas likapata bahati ambayo pwani chache zimewahi kuipata: takribani miezi miwili ya kujiandaa. Pwani ya huko imetanguliwa na visiwa virefu vyembamba vya mchanga, vilivyolala sambamba na bara. Nyuma ya visiwa kuna maji matulivu yenye majani ya bahari na mazalia ya samaki na kamba, na bahari huingia humo kwa milango michache tu. Wataalamu waliukagua ufukwe wote, wakaupanga kwa daraja, na jibu likawa wazi. Milango ifungwe kwa vizuizi vya kuelea. Fukwe za mchanga zinazotazama bahari kuu zipokee kitakachokuja.

Mafuta yalifika Agosti na kupaka takribani kilomita 260 za fukwe za Marekani. Ilikuwa hasara, na wenye biashara za utalii hawakuifurahia. Lakini mchanga mgumu unaopigwa na mawimbi unaweza kupitiwa na mashine za kukwangua, na dhoruba ya Septemba ilibeba sehemu kubwa ya kilichobaki. Maji ya nyuma ya visiwa, ambako hakuna wimbi la kusafisha wala mashine inayoweza kuingia, kwa sehemu kubwa yalinusurika. Upande wa Mexico kulikuwa na tatizo la aina nyingine: ufukwe wa Rancho Nuevo, mazalia makuu ya kasa wa Kemp, umeelekea bahari ya wazi, na mahali kama hapo hapazibiki. Basi vifaranga vya kasa kwa maelfu vilipakiwa kwenye ndege na kupelekwa kwenye maji safi. Kisichoweza kuzungushiwa kizuizi huenda kikahamishika, na hilo nalo ni jambo la kuandikwa mapema, pamoja na jina la mwenye ndege.

Daraja zilizotumika Texas zilitoka kwenye matope ya ajali zilizotangulia. Miles Hayes na Erich Gundlach, wataalamu wa jiolojia ya pwani, walikuwa wamezikagua fukwe za mlango wa bahari wa Magellan baada ya meli Metula kupanda mwamba mwaka 1974, na zile za kaskazini-magharibi mwa Hispania baada ya ajali ya Urquiola mwaka 1976. Waliona kwamba muda ambao mafuta hukaa mahali hutegemea zaidi nguvu ya mawimbi na aina ya ardhi kuliko wingi wa mafuta yenyewe. Kutokana na kazi hiyo na nyingine za miaka ileile kulipatikana kipimo cha unyeti wa pwani cha 1 hadi 10, ambacho bado kinatumika duniani kote. Namba 1 ni majabali yanayopigwa na mawimbi, ambako bahari hujisafishia yenyewe. Mchanga laini uko karibu na hapo. Kokoto na mawe, ambayo mafuta huzama katikati yake, yako katikati ya kipimo. Tope tambarare lililo mahali pa utulivu ni 9. Vinamasi vya chumvi na mikoko ni 10.

Mikoko imewekwa mwisho kwa sababu za mwili wake. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, huchomoza mizizi yake juu ya tope, mamia ya vijiti vyembamba kuuzunguka mti mmoja, kila kimoja na vitundu vya kuvutia hewa, kwa kuwa tope la chini halina hewa ya kutosha. Maji yanapojaa, mafuta huelea juu ya vijiti hivyo. Yanapokupwa, hushuka na kuvivika. Mti haufi siku hiyo. Majani hugeuka manjano baada ya majuma, kisha hupukutika, na mtu aliyekuja kupiga picha siku ya tatu anaweza kuandika kwamba msitu umepona. Matundu ya kaa nayo huwa mifereji ya kuyashusha mafuta ndani ya tope. Aprili 1986 tangi la kuhifadhia mafuta ghafi lilipasuka huko Bahía Las Minas, Panama, na zaidi ya lita milioni 8 zikaingia baharini, jirani na kituo cha utafiti kilichokuwa na rekodi za miaka mingi za eneo lile. Rekodi hizo ndizo zilizowezesha kujua hasa kilichopotea. Mikoko ilikufa, na tope lililokuwa limeshikwa na mizizi lilipoanza kumomonyoka, mafuta ya zamani yalitoka tena na kuchafua upya, miaka isiyopungua mitano baada ya ajali.

Mombasa ina kumbukumbu yake ya namna hiyo. Mwaka 1988 tangi lilitobolewa na mafuta mazito yakatiririka hadi hori la Makupa, na mikoko ikafa; Aprili 2005 meli moja ya mafuta ilimwaga mafuta ghafi ndani ya bandari, yakafika kwenye mikoko ya Port Reitz. Inafaa kukumbukwa kwamba ajali ya Panama na ile ya Makupa zote mbili zilianzia kwenye tangi la nchi kavu. Mipango mingi huchorwa kwa kuitazama meli kubwa huko nje kwenye mwamba, huku tangi lililo nyuma ya ukuta wa bandari likichukuliwa kuwa shauri la zimamoto.

Ramani ya unyeti hujengwa kwa tabaka tatu: aina ya ufukwe, viumbe wanaoutumia, na watu wanaoutegemea. Kenya ilipata atlasi ya namna hiyo ya pwani yake mwaka 2006, iliyotengenezwa na taasisi za Kenya kwa kushirikiana na za Denmark. Tabaka la kwanza halibadiliki sana, na linaweza kuchorwa kwa picha za angani. La pili na la tatu hubadilika mwezi kwa mwezi. Ufukwe wa kasa ni mchanga tu kama mchanga mwingine hadi msimu wa kutaga. Katika pwani ya Afrika Mashariki mabadiliko makubwa zaidi ni ya pepo: wakati wa kusi, mkondo wa pwani huenda kaskazini kwa nguvu; wakati wa kaskazi hupungua, na upande wa kaskazini kabisa hugeuka. Kwa hiyo mafuta yaleyale yakimwagika mahali palepale yanaweza kutishia vijiji viwili tofauti kulingana na mwezi. Mpango wenye ramani moja tu ya mwelekeo wa mafuta ni nusu ya mpango.

Tabaka hilo la tatu ndilo lililo gumu kupatikana ofisini. Mahali ambapo wanawake huokota chaza maji yakipwa, mlango ambao ngalawa hupita usiku, kona ambayo takataka zote za baharini hukusanyika wakati wa bamvua: hayo hujulikana na wanaopita hapo. Kona ya takataka ina thamani ya pekee, maana mafuta hufuata njia ileile ya takataka, na palipojaa chupa na magogo ndipo pa kuyangojea.

Ramani nzuri yenyewe haiwezi kuzuia tone. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989 meli Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh huko Prince William Sound, Alaska, na kumwaga takribani tani 37,000 za mafuta ghafi. Mpango ulikuwepo, umeandikwa na kuidhinishwa; ulisema vifaa vitafika kwenye meli ndani ya saa tano. Tishali la kubebea vifaa hivyo lilikuwa limeharibiwa na dhoruba na liko nje ya kazi, vifaa vilikuwa vimeshushwa, na baadhi vilikuwa chini ya theluji. Wafanyakazi walivitafuta usiku na kuvipakia upya. Tishali lilifika baada ya saa kama 14, likiwa na vifaa visivyotosha kazi. Bahari ilikuwa shwari karibu siku tatu, hali ambayo Alaska haiitoi kila mara, kisha upepo ukavuma na utando wa mafuta ukatawanyika makumi ya kilomita kuelekea kusini-magharibi. Mwishowe mafuta yaligusa zaidi ya kilomita 2,000 za pwani.

Katika ajali hiyohiyo kuna sehemu iliyokingwa. Wavuvi wa mji wa Cordova waliona mapema kwamba ufukwe wote hauwezi kuokolewa, wakauliza ni kipi kikipotea hakitarudi. Jibu lao lilikuwa vituo vya kuzalishia samaki aina ya samoni, ambavyo wakati ule wa mwaka vilikuwa na mamilioni ya vifaranga vilivyokaribia kuachiwa baharini. Kimoja kilikuwa Sawmill Bay, katika kisiwa cha Evans, kwenye njia kabisa ya mafuta. Wavuvi walipeleka mashua zao, wakafunga mlango wa ghuba kwa safu kadhaa za vizuizi, moja nyuma ya nyingine, kwa sababu walijua safu ya kwanza itavuja. Mafuta yaliyopita walichota kwa ndoo. Mawimbi yalikata kamba, wakafunga tena. Walikaa zamu mchana na usiku kwa majuma. Vituo vilinusurika. Walichokuwa nacho kuwazidi waliotumwa na mpango rasmi ni ujuzi wa maji: nanga ishike wapi, mkondo ugeuke saa ngapi. Baadaye sheria ya Marekani ya 1990 iliyotokana na ajali hiyo ilianzisha kamati za kupanga kila eneo, na wavuvi wa Alaska huajiriwa hadi leo kwa mafunzo na mazoezi ya kila mwaka.

Hapo inafaa kukieleza kizuizi chenyewe, kwani watu wengi hukiamini kupita uwezo wake. Ni mkufu wa maboya marefu unaoelea, chini yake kuna pazia linaloning'inia majini na mnyororo wa kulivuta liwe wima. Huzuia mafuta ya juu tu, na kwa masharti. Mkondo ukikigonga uso kwa uso kwa kasi inayozidi maili 0.7 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 1.3, mafuta huanza kupita chini ya pazia. Mikono ya bahari yenye maji kujaa na kupwa kwa nguvu huvuka kasi hiyo kila siku. Ndiyo maana fundi haweki kizuizi kukatiza mlango moja kwa moja. Hukilaza mshazari, na mkondo unavyozidi ndivyo pembe inavyopunguzwa, ili mafuta yateleze kando yake hadi ukingoni, mahali palipochaguliwa, ambako mashine ya kuengua au watu wenye makopo huyangoja. Mkondo wa maili moja na nusu huhitaji pembe ya nyuzi kama 28. Hii ina maana kizuizi cha kufunga mlango wa mita 100 lazima kiwe na mita 200 na zaidi, na mpango uliohesabu upana wa mlango peke yake utaishia katikati ya maji. Nguzo au pete ya kukifungia nayo yapaswa kuwa imekwisha simikwa. Kuchimba shimo la nguzo ukingoni wakati mafuta yanaonekana ni kazi ya kukata tamaa.

Mauritius ilijifunza mambo hayo kwa siku 12. Jioni ya tarehe 25 Julai 2020 meli ya mizigo Wakashio, yenye urefu wa karibu mita 300, ilipanda mwamba wa matumbawe mbele ya Pointe d'Esny. Haikuwa na shehena, lakini tangi zake zilikuwa na mafuta ya injini yanayokaribia tani 4,000. Ilikuwa majira ya pepo za kusini-mashariki, mawimbi yakiipiga meli juu ya mwamba usiku na mchana. Tarehe 6 Agosti ubavu ulipasuka, na takribani tani 1,000 zikatoka kabla mengine hayajavutwa kwa pampu. Tarehe 15 meli ilikatika vipande viwili. Karibu na hapo kulikuwa na Hifadhi ya Bahari ya Blue Bay, ardhi oevu ya Pointe d'Esny, na kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes chenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine.

Swali ambalo wakazi waliuliza, na ambalo lina uzito, ni kwa nini siku hizo 12 hazikutumika kufunga maji ya ndani yote. Baada ya mafuta kutoka, maelfu ya watu walikwenda ufukweni Mahébourg bila kuitwa. Walishona magunia na nyavu kuwa mirija mirefu, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakafunga chupa tupu za plastiki kando ili mirija ielee. Mashamba ya miwa yapo kila upande wa kisiwa, hivyo mali ghafi haikukosekana. Mirija hiyo ilivutwa majini na wavuvi kwa mashua zao, na ingawa majani yakishalowa sana huzama, ilinyonya na kuzuia mafuta mengi katika saa ambazo vifaa vya kiwandani havikutosha. Kutoka Île aux Aigrettes mimea michanga na baadhi ya wanyama adimu walihamishiwa bara. Mkondo na upepo viliyapeleka mafuta kuelekea kaskazini, upande wa Mahébourg, na Blue Bay ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Ulikuwa msaada wa upepo, na mwaka mwingine upepo unaweza kuamua vingine.

Aina ya mafuta nayo hubadilisha kila hesabu. Mafuta mepesi kama dizeli huruka hewani haraka lakini huwa na sumu kali mwanzoni. Mafuta mazito hukaa na kushika. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, limebuniwa lipashwe moto njia nzima kwa kuwa mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida. Yakimwagika baharini hayatatanda kama utando. Yataelekea kuwa madonge. Pampu na mashine za kuengua zilizotengenezwa kwa mafuta ya majimaji zitakwama, na nyavu zenye matundu madogo huenda zikafaa zaidi. Maji ya karibu na hapo yana Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009.

Kisha kuna dawa za kutawanya mafuta, ambazo humega utando kuwa matone madogo yanayochanganyika na maji. Zilipata jina baya kwa sababu ya Torrey Canyon, iliyopanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, Machi 1967. Takribani tani 10,000 za sabuni za viwandani zilimwagwa, nyingi moja kwa moja kwenye miamba ya ufukweni, zikaua konokono na viumbe wengine waliokuwa wakila mwani. Miamba iligeuka kijani, na palipopigwa sabuni sana palichukua zaidi ya miaka kumi kurudi hali yake, wakati pasipopigwa palihitaji miaka michache. Dawa za sasa zina sumu ndogo zaidi, lakini uchaguzi umebaki uleule. Jaribio lililofanywa Panama mwaka 1984 lililinganisha kipande cha pwani kilichomwagiwa mafuta matupu na kingine kilichomwagiwa mafuta yenye dawa. Mafuta matupu yaliua mikoko. Yenye dawa yaliumiza matumbawe, ambayo baadaye yalirejea. Hivyo dawa ikipigwa nje kwenye kina kirefu inaweza kuwa nafuu kwa hori, na ikipigwa ndani ya maji mafupi ni kuongeza msiba. Mpaka huo huchorwa kwenye ramani mapema, na jina la afisa wa kutoa ruhusa huandikwa kando yake, maana baada ya siku mbili tatu mafuta huwa yamekuwa mazito mno na dawa haishiki tena.

Taka husahaulika kuliko vyote. Meli Erika ilipozama mbele ya Brittany, Ufaransa, Desemba 1999, zilimwagika kama tani 20,000, lakini fukwe zilitoa zaidi ya tani 200,000 za taka: mchanga, mwani, glavu, magunia. Kama hapana mahali palipotengwa, magunia hupangwa kwenye kichaka nyuma ya ufukwe, hupasuka kwa jua, na mafuta hurudi majini kwa mvua ya kwanza.

Karatasi nazo huhitajika. Tangu ajali ya Torrey Canyon kumekuwa na mikataba ya fidia, na kwa meli za shehena ya mafuta ipo mifuko ya kimataifa. Kwa mafuta ya injini ya meli nyingine, kama Wakashio, mkataba ni tofauti na ukomo wa fidia mara nyingi ni mdogo. Yote huuliza ushahidi: ulivua nini kabla, uliuza kwa nani. Mvuvi anayeuza pwani kwa fedha taslimu hana stakabadhi, na kitabu cha mnadani cha kitengo cha usimamizi wa fukwe ndicho kinachoweza kumtetea, kikiwa kimejazwa kila siku miaka mingi kabla ya ajali.

Sehemu ya mwisho ya mpango ni lini kusafisha kukome. Meli Amoco Cadiz ilipopasuka Brittany, Machi 1978, ikiwa na zaidi ya tani 220,000, vinamasi vya chumvi vya Île Grande vilizolewa kwa mashine na mamia ya watu, mahali pengine hadi nusu mita ya tope pamoja na mizizi. Kinamasi kilichochafuka kikaachwa kilirudisha majani yake mapema kuliko kile kilichozolewa. Alaska nako, maji ya moto yaliyopigwa kwa nguvu yaliondoa mafuta kwenye mawe na yakaua vilivyokuwa vimenusurika mafuta. Kwa hiyo kila daraja la ufukwe huandikiwa kikomo chake. Kwenye mchanga wa watalii, kazi huendelea hadi nyayo zisitoe doa. Kwenye mikoko, mara nyingi huandikwa kwamba asiingie mtu kwa miguu, kwa kuwa kila hatua huyashindilia mafuta ndani ya tope. Maji yanayojaa na kupwa yaachiwe kazi ya kuosha, na watu wakae mlangoni mwa hori, ndani ya mashua, wakiyadaka yanapotoka.